Mama Yangu Alihesabu Nyasi

Juzi pale Gatitu nilisimama kwa kijana anayeuza nyasi za ng'ombe kando ya barabara. Alikuwa amezifunga matita, akazinyunyizia maji zionekane mbichi. Niliinua tita moja nikalinusa, nikamuuliza amezikata wapi. "Zimetoka tu hapo kwa barabara, shosho. Nyasi ni nyasi." Kuniita shosho nilimsamehe, maana mvi ninazo. Hilo la pili sikumsamehe. Nilimshika palepale juani nikamweleza kwamba nyasi si nyasi, kwamba tita lake lote lilikuwa la takataka za mtaroni, na kwamba zile zilizokuwa zimefunika uwanda wetu hazijui hata kwa harufu. Alinisikiliza kwa adabu ya mtu anayengoja mteja aondoke. Mwishowe nilinunua lile tita kwa aibu, na sina ng'ombe.

Nilitembea nalo mpaka nyumbani nikiwa na hasira ambayo si ya kijana yule. Ninyi wa rika langu mliokulia upande ule wa Mweiga mnajua ninachokisema. Uwanda ulianzia nyuma ya nyumba zetu ukaenda mpaka miguuni mwa Mlima Kenya, na wakati wa kiangazi ulikuwa mwekundu. Si wekundu wa vumbi. Nyasi zenyewe zilikuwa nyekundu, rangi ya sufuria ya shaba iliyosuguliwa, na zilimfika mtoto kifuani. Mvua ya kwanza ikizipiga zilitoa harufu kama ya kopo la majani ya chai linapofunguliwa. Leo ukipita pale utaambiwa na watu wenye kalamu mfukoni kwamba nchi ile ilikuwa kame tangu kuumbwa, haikuwa na kitu. Nani kasema? Hawakuwepo. Mimi nilikuwepo, na sina shahada yoyote, lakini nina madaftari ya mama yangu sandukuni, na ndani yake nyasi zile zimeandikwa mwezi kwa mwezi mpaka zilipokwisha.

Mama alikuwa mfanyakazi katika shamba la Mzungu mmoja pale uwandani. Uhuru ulipokuja Mzungu aliuza shamba, likanunuliwa na kampuni ya wananchi, yaani watu waliochanga pesa kutoka Tetu na Othaya na kwingineko ili wagawane ardhi. Kugawana kulichelewa. Mpimaji hakuja mwaka wa kwanza, wala wa pili. Katika kungoja huko kila mwanachama alileta ng'ombe wake, na aliyekuwa na wawili aliazima wa shemeji yake wakawa sita, kwa kuwa nyasi zilikuwa za wote na cha wote hakina mwenyewe. Sisi wafanyakazi wa zamani tuliachwa tukae katika nyumba zetu mpaka mambo yatakapoamuliwa.

Katikati ya uwanda huo palikuwa na mraba uliozungushiwa waya wa miiba, hatua kama arobaini kila upande, wenye lango dogo la mbao. Uliwekwa na ofisi ya kilimo. Bwana Shamba, kijana wa Kikuyu aliyekuja kwa pikipiki, alitaka kujua ardhi ile ile ingekuwaje miaka ikipita bila mdomo wa ng'ombe, na nje ya waya ingekuwaje ng'ombe wakizidi. Alihitaji mtu wa kuhesabu. Aliwauliza wanaume wakamcheka. Mama akamwambia yeye amekata nyasi za kuezekea tangu utotoni, anazijua kwa mkono hata usiku wa giza, na kuandika anajifunza ngumbaru, darasa la watu wazima. Basi akapewa kazi.

Kila mwisho wa mwezi alikwenda na fremu ya mbao ya ukubwa wa meza ndogo. Aliilaza chini, akapiga magoti, akahesabu kila aina ya mmea iliyokuwamo, akapiga vijistari katika daftari langu la zamani la shule. Kisha akaisogeza. Alihesabu ndani, halafu akahesabu nje. Kabla ya kuingia langoni alivua viatu. Mimi niliambiwa nibaki nje ya waya, na nikijaribu kupenyeza hata mguu niliona jicho lake.

Watoto wenzangu waliniimba. "Wairimu, mama yako amefika ngapi?" Walisema mama amechanganyikiwa, kwamba mtu mzima mwenye akili huhesabu mbuzi, hahesabu nyasi. Nilijibu kwa ngumi. Nilichapwa na mwalimu kwa ajili ya ngumi hizo, nikarudi uwanjani nikapiga tena. Sikuwapiga kwa kuwa walimtukana mama tu. Niliwapiga kwa kuwa nilijua siri ambayo wao hawakuijua. Mama yangu hakuwa akihesabu nyasi. Mama yangu alikuwa akimzuru baba.

Msinicheke kabla hamjanisikiliza. Baba sikumwona. Alichukuliwa wakati wa imajensi, Mzungu alipokuwa akiwasaka Mau Mau, nikiwa tumboni, na kwetu, kama kwenu wengi, hapakuwa na mtu wa kukuonyesha kaburi. Nilipomuuliza mama baba yuko wapi, alisema, "Alibaki huko," akaelekeza kidevu upande wa uwandani. Sasa mtoto mwenye macho aone nini? Aone pahali pamezungushiwa waya ng'ombe wasikanyage. Aone mama yake anavua viatu mlangoni, anapiga magoti, anainamisha kichwa, midomo inacheza bila sauti, anahama kidogo, anapiga magoti tena. Anatoka akiwa kimya na hataki kuulizwa kitu. Ungenionyesha wewe jambo jingine ambalo watu wazima hulifanya namna hiyo!

Basi nilikuwa nikipita pale nikitoka shule, nikakaa nje ya waya nikazungumza naye. Nilimwambia hesabu zinanishinda lakini kusoma naweza. Nilimwambia majina ya walioniimba. Babu yangu mzaa mama alikuwa na desturi ya kumwaga tone la pombe chini kabla ya kunywa, kwa ajili ya walio chini, nami sikuwa na pombe, kwa hiyo nilisukuma nusu ya kiazi cha kuchemsha chini ya waya. Kesho yake kiazi hakikuwepo. Leo najua palikuwa na panya wa kutosha, lakini wakati ule nilirudi nyumbani nikiruka kwa furaha, kwa kuwa baba yangu alikula, na nikazidi kumpelekea.

Mwaka wa tatu wa kampuni mvua ilikataa. Nje ya waya hapakuwa na wekundu tena. Ng'ombe hana ubaya, lakini ana ulimi, na ulimi huanza na kitamu. Nyasi nyekundu ilipoliwa haikupata nafasi ya kuweka mbegu, ikachipuka ikaliwa, ikachipuka ikaliwa, mpaka ikachoka. Pahali pake pakaja thangari, ile nyasi fupi inayotambaa kama kamba, na thangari nayo ikakanyagwa ikabaki mizizi. Kisha ukaja mtongu, wenye miiba mpaka kwenye jani na matunda ya manjano ambayo hata mbuzi huyapita. Hakuna aliyeupanda. Ulibaki kwa kuwa hakuna aliyeutaka, ukazaa, na watoto wake nao hawakutakwa. Katika madaftari ya mama unaweza kuona nje kukipoteza majina, ukurasa baada ya ukurasa. Ndani ya waya nyasi nyekundu zilikuwa zimesimama, kavu, zikicheza na upepo, na kila mwanachama mwenye ng'ombe wa mbavu alizitazama.

Siku ya josho alikuja Mzee Salimu, mchinjaji wa Majengo kule Nyeri mjini, kununua ng'ombe. Alikuwa mtu mnene wa kofia nyeupe, kanzu ameikunja mpaka magotini juu ya buti za mpira, na fimbo ndefu. Kwa ajili yake watu waliongea Kiswahili, na Kiswahili chetu kilikuwa cha kuchechemea. Siku hiyo alikataa ng'ombe karibu wote.

"Hawa nikiwapasua nakuta mchanga tumboni," alisema. "Mwezi uliopita nilikuta mchanga na kipande cha gunia. Mnataka kuniuzia udongo kwa kilo, jamani?"

Cheamani, yaani mwenyekiti wa kampuni, hakupenda kusemwa mbele ya watu. Alikuwa mwanamume mrefu mwenye koti la mvua alilolivaa hata jua likiwaka, na sauti iliyozoea kutiiwa. Aligeuka akanyosha mkono kuelekea mrabani. "Chakula iko hapo," alisema. "Tunaogopa nyasi ya mwanamke? Leteni koleo. Ng'ombe wakae huko wiki mbili, halafu Mzee utarudi utaona nyama."

Mama alikuwa ameenda mtoni. Mimi nilikuwa karibu, na mgongo wangu uliifikia ile mbao ya lango kabla sijajua kwamba miguu imekimbia. Walikuja wanaume kama wanane, koleo mkononi, na ng'ombe nyuma yao wakinusa.

"Toka hapo, kasichana," cheamani aliniambia.

"Sitoki."

"Ati nini?"

"Sitoki! Baba yangu amelala hapa. Mkikata waya, ng'ombe watamkula!"

Sauti yangu ilipasuka katikati ya maneno, na nilichukia kwamba ilipasuka. Mwenye koleo alisimama. Akaliangalia lile koleo kama mtu aliyegundua ameshika nyoka. Kwetu maiti haichezewi, na ng'ombe aliyelishwa juu ya mtu, nani atakunywa maziwa yake?

Mzee Salimu ndiye aliyesema kwanza. "Kaburi? Mlitaka ninunue ng'ombe walionona kaburini, mimi nikawalishe watu wa Majengo?" Aliinua fimbo akawageuza wale ng'ombe mwenyewe, akiwapiga mapajani. "Astaghafiru! Hao sitaki hata bure. Na nikisikia wameingia humo, sirudi huku tena."

Hapo mama akatokea, debe la maji mgongoni, mkanda umembana paji la uso. Cheamani alimgeukia. "Nyina wa Wairimu, mtoto anasema bwana yako amezikwa hapa. Ni ukweli?"

Mama alinitazama mimi, akatazama koleo, akatazama nyasi zilizosimama nyuma yangu. Alikuwa mwanamke wa kanisa, asiyedanganya hata bei ya mayai.

"Mmesikia mtoto," akasema, akapita na maji yake.

Sikuchapwa. Ningependa kuchapwa. Tulitembea mpaka nyumbani, akatua debe, akaniuliza kwa Kikuyu, na hapa ninamwandika kwa Kiswahili, atanisamehe: "Nani alikuambia baba yako yuko pale?"

"Wewe. Unavua viatu."

Aliketi juu ya kinu. Alianza kucheka, akajifunika uso kwa leso, na baada ya muda nikatambua kwamba hacheki tena. Kisha akanieleza. Viatu alivua kwa kuwa soli hubeba mbegu za nje na kuponda michipuko. Midomo ilicheza kwa kuwa hesabu za kichwa zilimpotea asipozitamka. Baba hakuwa pale. Baba alipandishwa lori asubuhi moja pamoja na wanaume wengine wa kijiji, lori likapitia njia ya uwandani, na ndiyo maana kidevu chake kilielekea huko kila nilipouliza. Hajui lori lilikwenda wapi. Aliyesimama juu ya lori siku hiyo akisoma majina alikuwa homugadi mmoja mrefu, askari mwenzetu aliyemtumikia mkoloni, na homugadi huyo sasa alikuwa amevaa koti la mvua na kuitwa cheamani.

"Yeye anajua walishushwa wapi," mama alisema. "Mimi sijui. Kwa hiyo usiseme tena kwamba unajua."

Nilikuwa na miaka kumi au kumi na moja. Nililia kwa ajili ya viazi. Mtu anaweza kufikiri kwamba mtoto angelia kwa ajili ya lori, lakini lori sikuliona, na viazi nilivitoa mkononi mwangu mwenyewe nikiwa na njaa.

Uwongo wangu ulilinda mraba kiangazi chote. Hakuna aliyeusogelea. Wanawake waliopita na kuni walishusha sauti, na mmoja alining'oa mimi kutoka kwenye waya niliposimama nikiutazama, akasema nimuache baba alale. Shuleni waliacha kuniimba. Nilipaswa kufurahi. Mama hakufurahi. Jumapili ya Meza ya Bwana alibaki kwenye benchi wenzake waliposimama kwenda kushiriki, na nyumbani akaanza kuzungumza na mimi kwa sauti ya upole iliyonitia hofu kuliko ukali wake.

Mvua ilirudi. Nje ya waya ilikuta ardhi tupu ikakimbia nayo mtoni, maji mekundu siku tatu, na kilichoota baadaye kilikuwa mtongu na magugu mafupi. Ndani ya waya ilizama polepole. Siku hiyo mama aliniruhusu kuingia kwa mara ya kwanza. Nilivua viatu nilivyokuwa sina, yaani nilipangusa nyayo, akaniwekea mikono katika nyasi akaniambia nizijue: hii ina nywele kwenye goti la shina, hii inakata kidole, hii ng'ombe huitafuta kwanza. Nilimwambia pale ndani pamepona. Akatingisha kichwa. Alichambua shina la nyasi nyekundu akanionyesha chini yake. Palikuwa na majani makavu ya miaka yote ya kufungwa yamelundikana, meusi, yenye ukungu, na michipuko ya kijani ikihangaika kutafuta mwanga. Kulikuwa na ua dogo la buluu ambalo sijapata jina lake kwa Kiswahili, lililokuwa kila pahali mwaka wa kwanza. Alihesabu fremu sita, akalikuta moja.

Bwana Shamba alipokuja na pikipiki yake, mama alimwambia waziwazi: nusu ya mraba lazima iliwe.

"Lakini mama, kazi yetu ni kufunga," alisema yule kijana. "Hapo ndipo ninapoonyesha wakubwa kwamba ng'ombe wanaharibu."

"Na umefunga mpaka nyasi zinakosa pumzi. Ng'ombe haharibu akija na kuondoka. Anaharibu akija na kukaa. Gawanya kwa waya katikati. Nusu ifungwe kama ilivyo. Nusu nitaingiza ng'ombe siku tatu baada ya mvua, niwatoe, nifunge, zipumzike. Halafu tutahesabu zote mbili na nje. Kama nimekosea, vijistari vitaniumbua mimi, si wewe."

Alikuna kichwa. Hakuwa mtu mbaya, na nadhani hakuwahi kuelezwa kazi yake na mwanamke wa ngumbaru. Wiki iliyofuata alileta mviringo wa waya.

Mimi nilimsihi asifanye. Nilimfuata jikoni, nikamfuata shambani. Watu wakiona ng'ombe ndani watajua hakuna kaburi, nikamwambia, watakata waya wote, na miaka yako yote ya kuhesabu itaingia tumboni mwa ng'ombe wa cheamani. Nyamaza tu! Kwani unyasi ukifa utamshtaki nani? Mama aliendelea kumenya viazi. "Nilinyamaza siku moja kwa sababu yako," alisema. "Sitanyamaza miaka. Kama wataukata, waukate wakijua wanakata nini." Nilimwona mjinga siku ile. Ninalisema hapa kwa kuwa nilimwona hivyo kweli, na ilinichukua muda mrefu kuona kwamba mjinga alikuwa nani.

Ng'ombe walikuwa wa Mzee Salimu, mafahali sita aliokuwa akiwapeleka mjini. Mama alimweleza ukweli wote kwanza, barabarani, kabla hajakubali. Mzee yule alimtazama, akanitazama mimi nikainamisha kichwa, akacheka mpaka tumbo likatikisika. "Mtoto wako alininyima biashara ya siku nzima," alisema. "Haya, Mungu amjalie. Waache wale."

Walikula siku moja kwa amani. Siku ya pili cheamani akaja. Alikuja na wanachama wale wale wanane, na mmoja wao alikuwa na jembe begani.

"Kumbe!" alisema kwa sauti ya kusikika mpaka joshoni. "Kumbe hakuna kitu hapa. Mwanamke gani analisha ng'ombe juu ya bwana yake? Umetudanganya, ng'ombe zetu zikakufa na njaa, na nyasi iko. Ama ni shamba unatafuta? Unataka tukigawa useme hapa ni kwenu kwa sababu ya kaburi?"

"Mimi sikusema kaburi," mama alisema. "Mtoto alisema, na mimi nilinyamaza. Hiyo makosa ni yangu. Hapa hakuna kaburi. Mtoto alikosea kwa sababu hakuna mtu alimwonyesha ile ya ukweli."

"Sasa tutaamini gani? Leo hakuna, jana iko. Tutachimba. Tukikosa kitu, hii waya inatoka leo, na wewe unatoka kwa shamba ya kampuni na hiyo mtoto yako mwongo."

Nyumba yetu, mraba, kila kitu kilikuwa kimesimama juu ya maneno yangu, nami niliyasema. Mzee Salimu alianza kusema jambo, mama akamzuia kwa kiganja. Alivuka nyasi akamwendea yule mwenye jembe. Akaliomba. Yule mwanamume alimpa, sijui kwa nini, labda kwa kuwa aliomba kama mtu anayeomba chumvi.

Mama alilibeba mpaka kwa cheamani akamnyoshea mpini.

"Chimba," alisema. "Mkipata mifupa, nipatieni nizike, nitashukuru. Mkikosa, mtaniambia bwana yangu ako wapi." Jembe lilikuwa kati yao, naye hakulishusha. "Anza wewe, cheamani. Wewe ndio unajua pahali ya kuchimba."

Mafahali walikuwa wakikata nyasi, na nakumbuka mlio ule wa kukata kuliko ninavyokumbuka uso wake. Wanachama wale walikuwa watu wa makamo. Hapakuwa na hata mmoja ambaye nyumba yake haikupoteza mtu. Walikuwa wamenunua shamba pamoja na yule mtu, wamemchagua, wamekula naye, kwa kuwa nchi ilisema tusahau na wao walitaka ardhi. Sasa walimgeukia mmoja mmoja, na macho yao yalikuwa yakiuliza.

Cheamani hakupokea jembe. Alifunga kifungo cha juu cha koti lake, akasema ana kazi joshoni, akaenda. Alitembea peke yake uwanda mzima na hakuna aliyemfuata. Waya haukuguswa siku ile, wala miaka yote mpaka mpimaji alipokuja. Nusu iliyolishwa na kupumzishwa ilirudisha ua la buluu kabla ya mwaka kuisha. Nimelikuta limeandikwa, vijistari viwili vya kwanza, vimekolezwa kalamu mpaka karatasi ikatoboka.

Lakini siku hiyo wale wanaume hawakuondoka. Walizubaa pale kando ya waya kama watu waliosahau walikokuwa wakienda. Mwishowe mwenye jembe alivua kofia. Akamsogelea mama akamuuliza kwa Kikuyu, kwa sauti ya chini ambayo niliisikia kwa kuwa nilikuwa nimemshika mama sketi, kama siku ile ya lori yeye alikuwepo majina yakisomwa, na kama alilisikia jina la ndugu yake.

"Walisoma majina kumi na saba," mama alimjibu. "La ndugu yako lilikuwa la tisa. La mume wangu lilifuata."